Mbegu ya Mpangaji

Ukitaka kumkasirisha Dani, pasua mbegu zake kabla hazijakomaa.

Nyuma ya nyumba yake pale Kaloleni, upande ambao jua hupita asubuhi kwa saa mbili hivi kisha basi, kuna mikebe kama 15 imepangwa juu ya matofali. Kimbo ya kilo mbili, mikebe ya rangi, beseni moja lililotoboka. Ndani yake kuna ua ambalo kama umekulia Eastlands umeliona, hata kama hukuwahi kuuliza jina lake: shina laini lililojaa maji, majani yanayong'aa kidogo, petali tano bapa kama zimechorwa na mtoto wa nasari, na nyuma mkia mwembamba uliopinda. Kuna ya waridi, kuna mekundu, kuna meupe. Dani huyaita maua ya kivuli, basi.

Tulipokuwa watoto hatukujali maua. Tulitaka maganda. Ganda la mbegu ni kama tembe ndogo ya kijani iliyovimba katikati, na likikomaa ukiligusa tu linapasuka, linajikunja kama mnyoo uliomwagiwa chumvi, na mbegu zinakurukia usoni. Mimi na mabinamu zangu tulikuwa tunapanga foleni. Dani akitokea jikoni na mwiko, foleni inayeyuka.

"Nyakwara, hizo unazochezea ni za mwaka ujao!"

Miaka yote hiyo nilijua ni maua ya Wazungu. Ushahidi wangu ulikuwa mzuri tu: babu alifanya kazi ya bustani Kileleshwa, na jioni moja miaka ya 1960 alirudi nyumbani na mbegu ndani ya kibiriti. Kitu kikitoka kwa Mzungu ni cha Mzungu. Nani angebisha?

Mwaka jana nikapata kibarua cha kuandika maelezo ya mbegu kwa duka moja la mtandaoni. Kazi zenyewe mnazijua, maneno mia kwa pesa ya chapo na dengu. Kwenye orodha kulikuwa na pakiti yenye picha ya ua la Dani, limenona, limepigwa picha studio, na maagizo yalisema niliite ua la kigeni la kuipa balcony yako sura ya Ulaya. Mimi hata nikitaka kudanganya huanza kwa kutafuta ukweli, ili nijue nimeenda mbali kiasi gani. Nikatafuta. Asili ya mmea huu: Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Nilicheka peke yangu kwa mathree, mpaka jirani yangu akasogea. Mteja nilipomwambia akanijibu niache historia, niuze mbegu. Nikauza. Historia nayo nikabaki nayo, ndiyo hii.

Tuanze 1868. Mwaka huo Joseph Dalton Hooker, mkurugenzi wa bustani ya Kew kule London, aliliandika ua hili kwenye orodha kubwa ya mimea ya Afrika ya kitropiki na kulipa jina Impatiens walleriana. Impatiens ni Kilatini, maana yake asiye na subira, kwa sababu ya lile ganda. Hapo sina ugomvi naye. Mtoto yeyote wa Kaloleni angemsaidia kufika hapo. Walleriana ni heshima kwa Horace Waller, mmisionari aliyekuja na wenzake hadi bonde la Shire, Malawi ya leo, mwaka 1861, na baadaye akahariri shajara za mwisho za Livingstone.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 1882 Hooker yule yule akaletewa mmea kutoka Zanzibar. Aliyeutuma ni John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyewahi kusafiri na Livingstone kwenye mto Zambezi, na wakati huo alikuwa konsoli wa Uingereza Unguja. Kirk ni yule aliyemshinikiza Sultani Barghash bin Said kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Alikuwa na shamba lake Mbweni, alijaribu mimea ya kila aina, na alituma vitu Kew kama mtu anayetuma vifurushi nyumbani. Hata kima punju wa msitu wa Jozani amebeba jina lake kwenye vitabu vya sayansi. Huu mmea Hooker aliuona mpya, akauita Impatiens sultani, kwa heshima ya Barghash, na picha yake ikachapishwa kwenye jarida la mimea la Curtis.

Baadaye wataalamu wakaweka huu na ule kando kwa kando, wakaona ni mmoja. Kanuni ya majina ya mimea ni kama ya kiti cha mathree, aliyetangulia kukaa ndiye mwenye kiti. Kwa hiyo Sultani aliyejenga Beit al-Ajaib akashushwa na mmisionari ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia. Mmisionari, konsoli, sultani, mkurugenzi: hao ndio walioshindania jina. Watu walioishi nalo kwenye kingo za mito na chini ya miti, wakijua linachanua lini na linapenda udongo gani, hawakuwa kwenye mashindano.

Kule Uingereza ua lilipendwa kwa sababu moja ya kinyumbani kabisa. Nyumba zao ni giza. Mimea mingi inayochanua inataka jua kali, na hili linachanua dirishani ambapo jua ni la kukopa. Wakaliita Busy Lizzie, Lizzie asiyetulia, na Wajerumani nao wana Lieschen wao mwenye bidii. Ua la kivulini chini ya miti likawa ua la dirisha la jikoni la tabaka la wafanyakazi, na hilo, nikwambie ukweli, linanifurahisha zaidi kuliko habari za Sultani.

Kisha likavuka bahari tena. Mmarekani mmoja, Claude Hope, alipelekwa Costa Rica na jeshi la nchi yake wakati wa Vita vya Pili kusaidia kukuza mkwinini, dawa ya malaria. Vita vilipoisha akabaki huko akaanzisha shamba la mbegu za maua. Impatiens ilikuwa tayari imefika Costa Rica na kujiotea ovyo kando ya barabara, ndefu, miguu mirefu kama kijana wa kidato cha kwanza. Hope akaichambua na kuizalisha hadi akapata iliyo fupi, yenye matawi mengi na maua yaliyojaa. Miaka ya 1960 ikatoka jamii aliyoiita Elfin. Ndani ya miaka 20 hivi impatiens ikawa miongoni mwa maua ya bustani yanayouzwa sana kuliko yote Marekani, kwa sababu ile ile ya London: kila nyumba ina upande wa kivuli, na watu hawajui wapande nini huko.

Hapo kuna jambo la kuelewa, kwa sababu ndilo linalotofautisha pakiti na kibiriti cha babu. Mbegu za aina hii ni haibridi, zile zinazoandikwa F1. Unachukua mzazi huyu na mzazi yule, waliotunzwa kila mmoja kivyake, unahamisha chavua kwa mkono, ua kwa ua, na watoto wanaotoka wote ni sare kama wanafunzi wa gwaride. Lakini wajukuu hawafanani. Ukiotesha mbegu ulizochuma kutoka kwa F1 unapata mchanganyiko, mrefu huyu, mfupi yule, rangi hii na ile. Anayetaka sare lazima arudi dukani kila msimu. Hakuna aliyeiba chochote hapo, ni biashara tu, lakini ni biashara inayotegemea wewe usiwe na mbegu za mwaka ujao.

Ua hili halikusafiri peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Wajerumani huko Tanga, aliona ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Likafika kwa baba yake Ujerumani, kwa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, na mwaka 1893 likapewa jina la familia: Saintpaulia. Mwaka huo huo kampuni ya mbegu ya Benary, ya Erfurt, ikaanza kuliuza. Wamarekani wameliundia chama cha kitaifa tangu 1946. Ndugu zake wa Kenya wako kwenye kilima cha Mbololo huko Taita, wamebaki wachache mno, na kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, kaunti ambayo ina Kaloleni yake. Nilipogundua hilo la Kaloleni mbili nilimpigia Dani. Akaniuliza kama nimekula.

Mwaka 2006 ripoti moja kuhusu rasilimali za viumbe vya Afrika ilitaja impatiens kwa jina. Kampuni ya Syngenta ilikuwa imepata hataza Uingereza kwa impatiens inayoning'inia, iliyouzwa kwa jina Spellbound, na mmoja wa wazazi wake alikuwa Impatiens usambarensis, mmea ambao kwao ni milima ya Usambara. Tanzania haikuwa na fungu. Ukisema sheria, kuna Mkataba wa Bayoanuwai, unaosema nchi ina haki juu ya viumbe vyake na inastahili kugawiwa faida. Maneno ya mkataba huo yalipitishwa tarehe 22 Mei 1992. Wapi? Nairobi. Gigiri, kwenye makao ya UNEP, mathree mbili kutoka kwa mikebe ya Dani. Ila mkataba hauangalii nyuma. Kilichotoka Unguja 1882 kilishatoka.

Na kichekesho cha mwisho. Kuanzia 2011 na 2012 ugonjwa wa ukungu uliifyeka impatiens kwenye bustani za Marekani, kama ulivyokuwa umeanza kufanya Uingereza miaka ya 2000. Majani yanapauka, chini yanakuwa meupe kama yamepakwa unga, mmea unabaki vijiti. Kampuni zikakimbizana kutafuta aina inayostahimili. Syngenta ile ile ilipopata yake iliipa jina Imara. Ndiyo, imara hii yetu, ya Kiswahili. Ua likarudi sokoni na jina la nyumbani, baada ya miaka zaidi ya 130, na sisi tunaambiwa lina sura ya Ulaya.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuandikia makala safi ya hasira, na hasira inasomwa sana. Shida ni kwamba nilikuwa naandika "ua letu, ua letu" na nilipofika mara ya nne nikajiuliza sisi ni akina nani. Kwa sababu ua hili si la Eastlands hata kidogo.

Chukua jembe uchimbe popote kutoka Shauri Moyo hadi Kayole. Udongo ni mweusi, ule unaonata kiatuni msimu wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza simu msimu wa jua. Reli ilipofika 1899 na mji ukaanza kugawanywa, Wazungu walijichagulia magharibi, kwenye vilima vya udongo mwekundu unaopitisha maji, wenye miti na mvua zaidi kidogo. Waafrika wakapewa mashariki, tambarare, upande wa udongo mweusi. Hii ilikuwa mbuga. Nyasi na anga. Ua lake la asili, ukitaka kujua, ni mmea mmoja unaoitwa Cycnium tubulosum: maua meupe yaliyolala chini nyasini baada ya mvua kama karatasi za tishu zilizotupwa na abiria. Bado unaweza kuliona kwenye mbuga ya wanyama ya Nairobi. Lakini kulipanda huwezi kirahisi, kwa sababu mizizi yake inanyonya kwenye mizizi ya nyasi, na kivuli halitaki. Ukijenga estate umemaliza nyasi, umemmaliza naye.

Kwa hiyo mwenyeji halisi wa Eastlands ameondoka zamani. Waliobaki wote tulikuja, mimea na watu.

Na kuja kwenyewe kulikuwa na masharti. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama Native Location, mtaa wa wenyeji, na utaona ucheshi wa jina hilo ukikumbuka kwamba mwenyeji huyo alitembea na kipande shingoni na hakuhesabiwa kuwa mtu wa mji. Alikuwa mkono wa kazi. Kazi ikiisha arudi reserve. Alipewa nafasi ya kitanda, hakupewa nyumba, na mke na watoto hawakuwa kwenye hesabu. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo, jina ambalo linajieleza lenyewe.

Kaloleni ilikuja na fikra tofauti. Baada ya migomo na vita, serikali ilianza kuona kwamba mfanyakazi mwenye familia mjini ni mfanyakazi anayetulia. Miaka ya 1940 wakajenga estate kwa mtindo wa mji wa bustani, wazo la Mwingereza Ebenezer Howard aliyetoa kitabu chake 1898 akitaka watu wa viwandani waishi kati ya nyasi na miti. Nyumba za mawe, paa za vigae, uwanja katikati, ukumbi wa jamii ambao siasa za uhuru zilipigwa humo mpaka ukapewa jina la bunge. Miti ikapandwa, na miti ikakua. Hapo ndipo kivuli kilipoingia mbugani. Wakati Howard anaota mji wake hakuwa na habari ya Eastlands, lakini bila yeye Dani asingekuwa na mahali pa kuweka mikebe.

Nyumba zenyewe zilikuwa za kanjo, na bado ni za kanjo. Unalipa kodi miaka 50, watoto wanazaliwa humo na kuolewa wakitokea humo, na hujamiliki hata komeo. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliufunga mji kwa Operesheni Anvil, wakapita mitaa hii nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori kuelekea vizuizini bila muda wa kufunga mizigo. Nyumba zikapata wapangaji wengine. Hiyo ndiyo elimu ambayo mtaa ulimpa kila aliyekuja baadaye, babu yangu akiwemo: hapa unakaa, humiliki.

Sasa rudi uangalie mikebe. Nilikuwa nadhani ni umaskini, kwamba Dani hana sufuria za maua za duka. Lakini nyuma ya nyumba ana udongo. Kuna hatua tatu nzuri tu za ardhi tupu, na sukuma wiki amepanda humo. Maua ameyaweka mkebeni. Nilipomuuliza aliniangalia kama nimeuliza kwa nini mtu huvaa viatu miguuni.

"Sukuma ukihama unaiacha, utanunua nyingine. Hii nitaiacha nani aimwagie maji?"

Mti unaupanda ukiwa na hakika utakalia kivuli chake. Mpangaji hana hakika hiyo, kwa hiyo anapanda kitu kinachobebeka. Mkebe unapanda pickup. Na mkebe ukishindikana, kuna kibiriti. Babu alitoka Kileleshwa bila ruhusa ya mtu na bustani nzima mfukoni, askari wa getini akampungia mkono.

Mbegu zenyewe, kama unataka kujaribu, si ngumu ila zina tabia. Ni ndogo kuliko za sukuma, na kosa la kwanza la kila mtu ni kuzifukia. Zinataka mwanga ili ziamke. Unazimwaga juu ya udongo uliolainishwa, unazibonyeza kwa kiganja, basi. Dani hutumia udongo mweusi kidogo, mchanga wa mto, na mboji ya maganda ya jikoni, na kabla ya kupanda humwagia maji yanayochemka kisha akauacha upoe, kwa sababu kuna maradhi ya udongoni yanayokata mche shingoni ukiwa na siku tatu. Zamani alifunika kwa juala. Majuala yalipopigwa marufuku Agosti 2017 akahamia chupa za soda zilizokatwa nusu. Maji hayamwagiwi juu. Unautoboa mkebe chini, unauweka kwenye beseni la maji, udongo unajinywea wenyewe.

Msimu ni wa maana kuliko vyote. Julai ya Nairobi ni baridi, mbegu zitakaa tu pale zikikuangalia. Dani hupanda mwishoni mwa Septemba, joto likirudi, ili miche ikute mvua za vuli ikiwa na nguvu. Siku 10 hadi 20 unaona vijani viwili viwili. Kuhusu kivuli, watu hudhani kivuli ni kivuli. Kivuli cha mti kinachopitisha mwanga, au ukuta unaopata jua la asubuhi, ni kizuri. Kivuli cha ngazi, chenye giza, kitakupa shina refu linalotafuta dirisha, na hakuna ua. Kuvuna ndiyo kazi ya subira, ukizingatia jina la mmea. Dani hufunga ganda lililovimba kwa kipande cha leso kuukuu, analiacha lipasukie humo ndani, kisha mbegu zinakauka kwenye bahasha kivulini.

Maua yake hayafanani na ya pakiti. Ni marefu, yanaegemeana, mengi yanarudia ile rangi ya waridi iliyokolea. Mimi nilijaribu vyote viwili. Ile pakiti ya mteja ilitoka sare kama ilivyoahidi, maridadi, nilijipiga picha nayo. Nikavuna mbegu zake, nikapanda, na watoto wakaja kila mmoja na kimo chake, mmoja akiwa mrefu kabisa wa waridi. Nikampelekea Dani. Akasema huyu namjua.

Mwaka 2025, ng'ambo tu ya kwao, nyumba za Makongeni zilianza kubomolewa kupisha nyumba mpya za bei nafuu. Estate nyingi za zamani za Eastlands ziko kwenye mipango ya kujengwa upya, na Pangani, ile iliyobomolewa mara ya kwanza kabla ya Vita vya Pili, tayari imeshapata maghorofa. Sitaki kujifanya napenda kila kitu kilichokuwa. Vyoo vya Kaloleni ninavijua. Paa la Dani linavuja mahali pale pale tangu nizaliwe, na mtu anayekwambia estate za kanjo ni urithi wa taifa mara nyingi halali humo. Ila kwenye michoro ya hayo maghorofa niliyoiona, mimea yote iko chini, kwenye kipande kimoja cha nyasi kilichozungushiwa kamba, na juu ni madirisha tu.

Watu wenye karatasi walipita Kaloleni mwaka huo wakihesabu milango. Mabinamu zangu wakaanza kubishana kwenye grupu la WhatsApp kuhusu fidia, nani ameandikwa kwenye kadi ya nyumba, nani alilipa kodi mwaka gani. Nilipoenda Jumapili Dani hakutaja chochote kati ya hayo. Alikuwa amekalia kigoda, mikebe mbele yake, anafungua vipande vya leso kimoja kimoja na kutikisia mbegu kwenye gazeti. Akazigawa mafungu. Watoto wake watano, fungu moja moja. Mimi nikapewa langu kwenye kibiriti.

Mimi nakaa Umoja, orofa ya nne. Umoja ilijengwa miaka ya 1970 kama nyumba za chini, halafu wenye ploti wakaanza kwenda juu na hawajasimama. Jengo la mbele liko mita tatu kutoka balcony yangu. Jua linanifikia saa tano, saa sita limeshaenda. Nilipanda mwishoni mwa Septemba kama nilivyoagizwa. Keyateka akanionya kuhusu maji kudondokea nguo za watu wa chini, kwa hiyo nikaweka beseni kubwa zaidi.

Siku ya 13 nikampigia.

"Zimeota?"

"Kumi na moja, Dani."

"Nilikupa thelathini." Akanyamaza kidogo. "Umezifukia."

"Sikuzifukia."

"Basi ni maji. Acha kuziangalia angalia."

Akakata simu, kwa sababu ilikuwa saa moja na taarifa ya habari ilikuwa inaanza.